Visanduku Viwili vya Picha Zako

Mama Ghati,

Simu yako imekufa. Nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu.

Betri ilivimba mpaka kifuniko cha nyuma kikaachia. Fundi wa hapa Nyamongo aliishika kwa vidole viwili kama kashika panya. Akasema nisiichaji tena, na ikizima asilaumiwe. Chaji ilikuwa imebaki kidogo. Picha zako zote zilikuwa humo. Hakuna mahali pengine.

Siku ya kukuzika sikuomba msaada kwa mtu. Siku hiyo niliomba.

Bahati nzuri Ghati wetu alikuwepo, amepewa likizo huko Natta, kwenye kambi ya watalii anakofanya kazi. Akampigia mjomba wake. Kaka yako Marwa akafunga duka lake Sirari, akaja na bodaboda mchana huohuo. Amebeba kisanduku cheusi, ukubwa wa tofali. Ndani kina diski mbili. Unakiunga kwenye kile kidude cha intaneti alichotuletea Ghati, picha zinakaa humo, na kila mtu wa nyumbani anaziona kwenye simu yake. Diski moja ikifa, nyingine inabaki na zote.

Nikasema vizuri, kiweke hapo mezani.

Marwa akasema hapana. Kitakaa kwake. Kwake umeme haukatiki ovyo, na hakuna vumbi. Hapo hakudanganya, karasha ya jirani inasaga mawe kutwa, vikombe vinacheza kabatini. Akasema mimi nitakuwa naziona kwa simu tu.

Nikamwambia ng'ombe za mahari nilimaliza. Dada yako amelala kwenye boma langu. Picha zake hazitoki hapa, hata moja.

"Shemeji," akasema, "ng'ombe ulileta za dada Bhoke. Za picha sisi hatujaziona."

Ghati akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia abebe kisanduku chake aende.

"Sawa. Basi ziweke kwenye sufuria."

Ghati akasema kuna njia nyingine, kuziweka huko intaneti, unalipia kila mwezi. Nikamuuliza, mwezi nikikosa kibarua? Akaishika simu yako. Akaangalia chaji, akaniita baba kwa lugha ya nyumbani.

"Tata, inaisha. Zihamishwe kwanza, mtagombana baadaye."

Tukaanza kuzihamishia kwenye kompyuta ya Ghati. Kuna mstari unatembea kwenye kioo chake, ukifika mwisho zimeingia. Mama Ghati, ule mstari ni mbaya. Ulikuwa unasimama. Simu imekuwa ya moto, Ghati kaiweka juu ya kigae. Nimeshuka shimoni kuchimba dhahabu miaka mingi, sijawahi kuogopa vile. Mstari ukafika. Simu ikakaa kidogo, ikazima. Haijawaka tena.

Ndipo tukazifungua.

Mimi hapo nimebeba kiroba cha mawe. Mgongo wangu. Miguu yangu imejaa tope. Mimi nimelala kwenye benchi mdomo wazi. Ghati na sare ya shule. Nyumba haijaezekwa. Yule ndama wako. Mimi tena, mgongo tena. Sikujua kama ulikuwa unanipiga picha.

Wewe uko kwenye nne. Mojawapo ni nusu uso, kidole kimeziba.

Wewe ndiye ulikuwa unashika simu. Ulikuwa unaniambia, "Na mimi nipige basi." Nami nilikuwa nakwambia mikono yangu ina tope. Kila mara tope. Na maji yalikuwepo.

Nilitoka nje kidogo. Nikarudi.

Marwa hakunicheka. Akasema taratibu, "Kwa mama zipo. Za karatasi. Kuna moja hana meno ya mbele, amemshika mbuzi masikio."

Hiyo sijawahi kuiona. Nimekaa na wewe miaka yote hiyo, sijui ulikuwaje ukiwa mtoto. Na mimi ndiye niliyekuwa nakataa wasipewe hata moja.

Nikamwambia Marwa kisanduku chako hakifai. Diski mbili ndani ya sanduku moja bado ni sanduku moja. Mwizi anabeba mara moja tu. Shimoni ukifunga kamba mbili kwenye kigingi kimoja, kigingi kikichomoka unaanguka na kamba zako mbili. Akataka kubisha, akaacha. Nikasema chukua hiki, niletee viwili vidogo, diski moja moja. Kimoja kikae hapa. Kingine kikae kwa mama yenu, huko Kenya. Vitumiane kwa intaneti. Ghati amesema inawezekana, na atavipanga hivi: mtu akifuta huku, kule haifutiki.

Marwa alivileta juzi. Chetu nimekifunika kitambaa, sababu ya vumbi. Cha mama kiko kwenye begi.

Mama yako hataki zile za karatasi zitoke nyumbani kwake. Ana haki. Kwa hiyo mimi na Ghati tunaenda Jumamosi. Unajua kwa mila zetu siwezi kuingia ndani kwa mama mkwe. Nitakaa uani, na heshima yangu. Ghati atakuwa ananitolea moja moja, nazipiga kwa simu, anazirudisha.

Lala salama, Bhoke. Nakuahidi sitanyima ndugu zako tena. Naenda kwenu kukutafuta ukiwa mdogo. Nikikupata nitarudi na wewe nyumbani, na kwa mama yako utabaki vilevile.

Ni mimi, Baba Ghati.