Kwa Mavjuda, Aliyeyaamini Maumivu ya Wengine

Mwaka umetimia, Mavjuda, Mama Lobar wetu, tangu asubuhi ile ya mwezi wa pili ulipotoka na mkoba begani na mkate wa tanuri kwapani, ukasema leo utachelewa kidogo kurudi. Moyo wako ulisimama kwenye ngazi za taasisi uliyofanyia kazi, kabla hujafika mlangoni. Mkate walituletea jioni, umefungwa kwenye gazeti.

Tunakuandikia sisi wa nyumba yenye mforosadi, hapa Tashkent, nyumba uliyoingia bibi harusi. Kumbukumbu za namna hii huwa sifa tupu. Sifa zako zipo na hatutazibania, ila safari hii tuna pia jambo la kukuomba radhi, na majirani wakilisoma na walisome.

Tuanze na yale tuliyokutania. Chai uliinywa umeshika bakuli kwa viganja vyote viwili, hata kiangazi, na mumeo Nosir akakuita binti wa sultani. Nguo hukuzikamua, ulizianika zikichuruzika maji mpaka ua ukawa matope. Vifuniko vya chupa za achari hukuvikaza, nasi tukamwagikiwa siki kila mwaka. Na kila alfajiri ulikuwa wa kwanza jikoni, mikono imezama kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu. Ukiulizwa, ulisema unaloweka dengu za pilau. Tulikula dengu nyingi sana miaka ile.

Kazi yako hatukuielewa vizuri, na mama mkwe wako, Bibi Hosiyat, hakujaribu hata kidogo. "Watu wanatega panya," alikuwa akisema, "mkamwana wangu anawapikia." Majirani walipomuuliza unafanya nini huko taasisi, aliwajibu unatibu macho, akaona hilo lina heshima zaidi. Wewe ulicheka tu. Ulichukua seli za neva za panya, ukaziweka kwenye kisahani, zikaguswa kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, na mashine kuukuu ikachora kwenye karatasi jinsi seli hizo zinavyopeleka habari ya maumivu. Sindano zenyewe alizitengeneza fundi wa maabara, Mzee Ildus, na zikishatengenezwa alizishika yeye pia. Tulidhani ni ukubwa wa cheo chako.

Kwa miaka kumi na tisa uliuliza swali moja. Mgonjwa wa baridi yabisi akishapata dawa, uvimbe ukashuka, vipimo vikawa safi, kwa nini bado anaumwa?

Swali hilo lilikuwa limelala chumba cha nyuma cha nyumba yetu. Sabohat, wifi yako, mdogo wake Nosir, alirudishwa na mumewe akiwa na miaka thelathini na moja, kwa kuwa vidole vyake havikuweza tena kukanda unga. Madaktari walimtibu. Uvimbe uliondoka, vidole vikanyooka, naye akaendelea kulia. Hapo ndipo sisi tulipoacha kumsikiliza.

"Mikono mizuri kama ya mwali," Bibi alimwambia siku moja tukiwa mezani. "Unalilia nini? Sema tu hutaki kuosha vyombo."

"Mama, inauma."

"Na mimi mgongo unauma. Umeniona nimelala?"

Nosir aliongeza sauti ya redio. Lobar, binti yenu, alikuwa na miaka saba. Alimwiga shangazi yake anavyoshika kijiko kwa ngumi, nasi tukacheka hadi machozi. Wewe hukucheka. Ulitutazama mmoja mmoja, kisha ukarudisha macho kwenye sahani yako.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kazini, ulipita chumba cha nyuma. Ulimfunga Sabohat vifungo vya gauni, kimoja kimoja, taratibu, ukamuuliza, "Inauma wapi?" Alikuonyesha. Tangu siku hiyo hukukosa asubuhi hata moja, na Sabohat anasema hukuwahi kulibadilisha swali.

Kisha zikaja zile Jumatatu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, sisi tukiwa bado usingizini, mlijifungia jikoni ukamtoa damu ya kupeleka maabara. Kwenye chupa yake uliandika namba nane, kwa sababu alikuwa mgonjwa wa nane kukubali. Ukimaliza ulimfukuza akajilaze, ukabaki peke yako ndani, mlango umefungwa, "kusafisha vifaa".

Siku moja ulimchukua ukampeleka akaone. Safari hiyo ameisimulia mwaka huu wote, hata kwa wasiomsikiliza. Mzee Ildus alidondosha kwenye kisahani tone lililotoka kwenye damu ya mtu mwenye afya, na mstari kwenye karatasi ukaenda umelala. Akadondosha la Sabohat. Mstari ukaruka, ukashuka, ukaruka tena, haukutulia.

"Huyu panya ananijua?" Sabohat aliuliza.

"Hakujui," ulimjibu. "Hajui kama una uvivu au huna. Seli haina mama mkwe, Sabohat. Damu yako ikiigusa inapiga kelele, basi."

Alirudi na kile kipande cha karatasi, kirefu kama mkono wake, akamwonyesha mama yake. Bibi akasema kinafanana na kitana kilichong'oka meno. Sabohat alikikunja akakiweka chini ya godoro, na huko kipo mpaka leo. Ulikuwa mtu mmoja tu wa kumwamini katika nyumba ya watu watano, lakini alisema mmoja alimtosha.

Ndiyo maana mwaka huu ulikuwa mrefu kwake kuliko kwa yeyote kati yetu. Nosir ana simanzi lakini ana kazi na rafiki zake wa chai. Lobar yuko Bukhara na mumewe, anapiga simu. Wanawake wa nyumba tulivaa buluu ya maombolezo kwa ajili yako mwaka mzima, kama ilivyo desturi, na Sabohat aliishona ya kwake pana, ya kutumbukiza kichwani, isiyo na kifungo hata kimoja. Hakumwambia mtu kwa nini. Kila saa moja asubuhi alikaa kitandani akisikiliza nyayo kwenye ukumbi. Nyayo zilipita. Alipoumwa hakusema tena, akajifunza kuumwa kimya, nasi tukasifu kwamba amepona.

Juma lililopita tukapika pilau yako ya mwaka. Wanaume walikula alfajiri wakaomba dua wakaondoka, na wanawake wakakusanyika kutuvua buluu na kutuvisha nyeupe. Mzee Ildus alichelewa kuja. Alikuta wanaume wenzake wameshatawanyika, akakalishwa jikoni na sahani yake, sanduku la vitu vyako miguuni: koti lako la maabara, miwani, daftari.

"Dada, nimekuja na ombi," alimwambia Sabohat akiwa na wali mdomoni. "Kuna mtafiti anaiendeleza kazi yake. Anakutaka wewe, namba nane. Na anamtaka namba tisa."

"Mimi nipo. Namba tisa simjui."

"Humjui vipi? Damu zenu zilikuja kwenye mkoba mmoja. Jumatatu ya kwanza, nane na tisa, zote bado na joto." Mzee aliweka kijiko chini. "Mimi nataka kumwona huyo mama nimpe pole. Miaka sita mstari wake ulikuwa mbaya kuliko wako, na hakukosa mwezi."

Sabohat alituambia baadaye kwamba aliwahesabu watu wa jikoni ile, Jumatatu moja baada ya nyingine, na kila alipohesabu walikuwa wawili. Aliinuka akafungua droo. Ule mpira wako wa kufungia mkono wakati wa kutoa damu ulikuwa mle, na upande mmoja una alama za meno. Anayemfunga mwenziwe hutumia mikono. Meno hutumiwa na anayejifunga mwenyewe.

Bibi Hosiyat alikuwa mlangoni na gauni jeupe la Sabohat mkononi. "Kuna nini?" akauliza. Nosir naye akaja nyuma yake. Mzee Ildus alikuwa ameshafungua daftari, akawa anasoma taratibu, na sauti yake ikazidi kushuka.

Kwa kila mgonjwa uliandika umri, vidole vinavyouma, saa vinapouma zaidi, na mwisho, nyumbani anasaidiwa na nani. Namba nane: anasaidiwa na wifi yake. Namba tisa: mwanamke, miaka hamsini na mbili, mikono yote, alfajiri ndiyo mbaya zaidi, maji ya uvuguvugu humpa nafuu. Nyumbani anasaidiwa na nani: hapo ulichora kistari.

Tulikaa na kistari hicho, Mama Lobar. Bakuli la viganja viwili, nguo zinazochuruzika, vifuniko vilivyolegea, dengu. Vyote vilikuwa mbele ya macho yetu, tukavifanya vichekesho. Ulijua tulivyomfanyia Sabohat, ukaona heri kunyamaza. Nosir alitoka akasimama chini ya mforosadi kwenye theluji bila koti. Miaka ishirini na tisa alilala kando ya mikono hiyo.

Wakati wa kuvaa nyeupe ulifika na wageni walikuwa wanangoja. Gauni la Sabohat lilikuwa zawadi ya shangazi yake, lina vifungo vidogo kumi na vinne kutoka shingoni hadi kiunoni. Sabohat alikishika cha kwanza, kikamponyoka. Akakishika tena. Bibi Hosiyat, ambaye ana miaka themanini na moja na hajawahi kumwomba mtu msamaha, alimsogelea, akamwondoa mikono, akaanza kufunga mwenyewe. Alikwenda polepole. Kwenye kifungo cha tano akasimama.

"Inauma wapi?" alimuuliza.

Sabohat alimwonyesha. Kisha Bibi akageuka, akatazama lile sanduku, akakaa chini sakafuni akalishika koti lako kwa mikono miwili, akaliuliza hivyo hivyo. Aliliuliza mara nyingi. Tulimwacha.

Sasa anamfunga Sabohat vifungo kila asubuhi, na anaulizia. Jumatatu ijayo damu ya namba nane itatolewa jikoni mlango ukiwa wazi. Hilo ndilo tulilopata kwako. La kukuuliza wewe limechelewa, na hakuna namna ya kulirudisha. Swali lilikuwa la maneno mawili na tulikuwa nalo vinywani siku zote.

Tusamehe.

Wanaokukumbuka: mumeo Nosir, ambaye siku hizi anaanika nguo bila kuzikamua; binti yako Lobar na mumewe; mama mkwe wako Hosiyat; wifi yako Sabohat; na Mzee Ildus, asiye ndugu lakini tumemwandika. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tutakukumbuka, na siku nyingine zote hatutakusahau.