Hewa Iliyo Ndani ya Jiwe

Kaka Bahati,

Ni mimi, mdogo wako. Bado niko huku Walikale, kwenye shimo lile lile la madini. Nyumbani sikwenda. Njia ya Masisi imefungwa na vita, na Mama alikimbia kutoka kwetu Kibabi. Sasa yuko Kirotshe, kwa watu.

Jana nilisikia jambo kwenye redio. Wataalamu wanachukua udongo kama ule wa mwezini, wanaupasha moto mkali ajabu, unatoa hewa ya kupumua. Hata maji wanataka kuyapata humo, ili watu wakifika kule waishi. Walisema hewa imefungwa ndani ya mawe yenyewe. Wenzetu walicheka. Papa Safari akasema, "Waache mwezi kwanza! Wakuje huku mu shimo, udongo iko mingi!"

Mimi sikucheka. Nilichukua jiwe la kasiterite, lenye madini ya bati, kama yale uliyokuwa unachimba, nikaliweka puani. Upuuzi, najua. Lilikuwa baridi tu.

Kaka, siku ile mashine ya kusukuma hewa ilipozimika, ni mimi niliyeshika kamba huku juu. Tulikuwa tumepatana: ukivuta mara mbili, gunia limejaa, mara tatu, hewa hakuna. Ulinifundisha wewe, ukinicheka: "Wee uliachia masomo mu primeri ya tano, lakini mpaka tatu unaweza hesabu!"

Nilisikia mbili. Nikaanza kupandisha gunia haraka, uone kwamba sichoki. Labda ya tatu ilikuja mikono yangu ikiwa tayari inavuta. Gunia lilifika nusu tupu. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaita jina lako, nikaita... Tulipokufikia, ulikuwa umeshakwenda.

Watu wale wana akili ya kutoa hewa kwenye mawe. Mimi nilikuwa juu yako tu, hewa yote iko kwangu, na sikuweza kukupa.

Mama hajui. Nilimwambia uko ndani porini, hakuna rezo ya simu. Juzi alipiga: "Muambie Bahati nimemuwekea viazi. Mbona hanisalimii?" Tangu hapo, simu yake ikiita, naiangalia mpaka inyamaze.

Kwaheri, kaka. Ikiita tena nitapokea. Sitasema uko porini. Nitamwambia kamba ilikuwa mkononi mwangu. Unisamehe wewe kwanza, kwa sababu yeye sijui kama ataweza.

Mdogo wako,
Amani