Jina Nililoandika Kabla ya Siku ya Nane

Jumanne, 4 Machi

Malori matatu ya saruji, karatasi zote za forodha zimekamilika. Mguu unauma kwa kusimama. Kabla ya kazi nilipitia hospitali, nikamwandikisha mtoto. Olivier Carter. Mke wangu Espérance aliniomba nimngojee Papa, baba yangu, hadi siku ya nane, maana kwetu jina linalobaki hutolewa na babu. Nikamjibu kwamba muuguzi wa kuandikisha hangoji. Uongo. Muuguzi mwenyewe alisema nirudi siku yoyote.

Carter nililiona kwenye karatasi za mteja wetu mmoja, Mwingereza. Lilinikaa kichwani. Kwao baba, mtoto na mjukuu wana jina moja. Hapa kwetu kila mtu na lake. Ukivuka na mwanao, polisi wa mpaka anakuuliza kama ni wako kweli. Nikasema mimi nitaanza ukoo wenye jina.

Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu.

Saa sita nilikuwa kwenye daraja la mpakani na patron, bosi wangu. Papa alikuwa anakuja kutoka Bukavu, upande wa Kongo, na mkokoteni wake, magunia hadi juu, kifua karibu kiguse chini. Sikumsalimu. Niliendelea kuongea na patron habari za lori.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya nane. Watoto wa majirani walilima nje kwa vijiti kama ilivyo desturi, wakamwagiwa maji kana kwamba mvua imenyesha, wakakimbilia ndani kula maharage. Kila mmoja akapendekeza jina. Tulicheka sana, mmoja alimwita mtoto Fanta.

Papa alivaa koti lake la harusi yangu. Alikuwa amenyoa. Nilimwona anajishika magoti ili asimame, zamu yake imefika. Nikawahi. Nikasema jina lipo tayari, limeshaandikwa, anaitwa Carter.

Papa akarudi kukaa polepole. Akaniuliza jina hilo maana yake nini. Sikujua. Nikasema ni chef, muntu mukubwa.

Alilirudia mara mbili, Karita, Karita, apate kulizoea. Akanywa soda yake yote. Jina alilokuja nalo hakulisema, akarudi nalo Mururu, kijijini kwake kilimani. Espérance ananijibu kwa ndiyo na hapana tu.

Jumatano, 12 Machi

Wapakizi wote wa mpaka wa Rusizi I wananiita Papa Carter. Papa amewatangazia kwamba mjukuu wake ana jina la chef. Mmoja alinipigia saluti na ndoo kichwani. Nilicheka nao. Kisha nikarudi haraka kwenye karatasi zangu.

Ijumaa, 14 Machi

Laiti nisingeuliza.

Nilikutana na Maman Sifa, jirani yetu anayefundisha Kiingereza. Nilitaka tu anithibitishie. Akaeleza vizuri, kama yuko darasani. Zamani Waingereza waliitwa kwa kazi zao: mwoka mikate, mfua chuma. Baadaye jina likawa la ukoo, watoto wakalibeba hata kama kazi yenyewe hawakuigusa. Carter ni yule anayebeba mizigo ya watu kwa mkokoteni.

Nikamuuliza, mkokoteni kama ule wa darajani? Akasema ndiyo, ila kwao ulivutwa na farasi.

Sikula. Nilikimbia mikono ya ule mkokoteni tangu shule, nilikuwa nawaambia wenzangu Papa ni mfanyabiashara. Na kila daftari langu lililipiwa na ule mkokoteni. Mimi ni mtu mbaya, niandike tu hivyo. Nilimnyima Papa nafasi yake mbele ya watu kwa sababu namwonea haya.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia Espérance. Aliendelea kunyonyesha. Kisha akasema niende Mururu kabla Papa hajaambiwa na mwingine. Kweli tupu. Amejisifu kwa mpaka mzima. Siku watakayojua watamcheka yeye, sio mimi. Naogopa. Mwanaume mzima, naogopa kupanda kilima.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa nilienda. Papa alikuwa uani, anatoa maharage kwenye maganda. Nikakaa chini, nikasema yote. Kwamba nilidanganya maana. Kwamba maana ni kazi yake. Kwamba ile Jumanne darajani nilimwona lakini sikumsalimu.

Mikono yake haikusimama.

“Nami nilikuona,” akasema. “Njo maana nikaangalia mu maji. Sikutaka usikie haya mbele ya patron yako.”

Nililia. Alinisogezea beseni, nikaanza kutoa maharage pamoja naye. Kisha akauliza:

“Bale Bazungu, banaitaga batoto yabo ile jina?”

“Ndiyo, Papa. Na bajukuu.”

“Bila kusikia haya?”

“Bila.”

Akatikisa kichwa, akachukua ganda lingine. Nilimwomba anipe jina alilokuwa amelileta ile siku. Akasema lilikuwa la siku ile.

Jumatatu, 17 Machi

Darajani, mimi na patron. Papa akaja na mkokoteni wa ndizi. Nikamwambia patron, huyu ni papa yangu. Patron akamsalimia kwa mikono miwili, akarudi kwenye habari za lori. Basi. Miaka yote ile, kumbe ni hivyo tu.

Jumapili, 23 Machi

Mvua tangu asubuhi. Papa alishuka kumwona mtoto. Alimpakata karibu na jiko, akainama, akamwita kwa neno moja sikioni. Espérance alikuwa karibu, alilisikia. Nilimwona anatabasamu.

Sijamuuliza.