Milingoti ya Goli

Jumanne, Pasiansi

Mimi na bahati tulizaliwa mapacha. Leo mchana nimeng'oa milingoti yote ya goli pale uwanjani, na hakuna aliyeniona.

Baraza limetufungia uwanja tuliofyeka wenyewe, eti klabu yetu ni ya wahuni. Jumapili Katibu wa baraza anataka kucheza hapo na makarani wake. Acheze! Afunge mabao hewani na kitambi chake kile. Nimefika mpaka Kisumu, sijaona roho mbaya kama yake.

Ila Mzee Masanja, mlinzi wa uwanja, alinikuta getini na mlingoti wa mwisho begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pita upesi, mwanangu, mimi sijaona kitu."

Watakapouliza, watamuuliza nani? Ni yeye tu.

Basi nimedanganya hapo juu. Nilionwa, na aliyeniona ndiye atakayefukuzwa kazi.