Kibao Kisicho na Upande

Chumba cha mbele, nyumba ileile,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi na watoto. Natumaini baridi uliyoilalamikia imepungua, na kile kikohozi chako kimeona aibu kikaondoka. Sisi hapa hatujambo. Mama ni mzima. Magoti yanamsumbua asubuhi tu, halafu yanazoea. Shemeji yako yupo, anakula, analala, na anailaumu serikali ya nyumba hii, ambayo ni mimi.

Mwandiko utauona mbaya. Usiniulize kama naandika ndani ya gari. Sababu ipo na utaifikia ukisoma kwa utaratibu, ingawa najua hujawahi kusoma barua yangu yoyote kwa utaratibu.

Kifurushi chako kilifika mwanzoni mwa mwezi uliopita. Mama ndiye aliyekifungua, kwa kuwa mimi nilikuwa kazini na jina langu juu yake halikumzuia. Niliporudi nilimkuta jikoni, kile kibao cha kugusa kiko mezani, juu yake vitunguu viwili, naye anasubiri namba. Alidhani ni mizani. Nilipomwambia ni kitu cha kompyuta cha kutumia badala ya kipanya, aliviondoa vitunguu vyake, akakifuta kibao kwa upindo wa nguo, akasema mizani ingetufaa zaidi.

Unakumbuka nilikuandikia juu ya kifundo cha mkono wangu wa kulia. Miaka ishirini na nne nimekaa idara ya maji nikichora ramani za mabomba, na miaka yote hiyo mkono umeshika kipanya. Karatasi ya zamani inapigwa picha, inawekwa kwenye kompyuta, nami napita juu ya mistari yake nikiichora upya. Kila mstari ni kubonyeza, kuburuta, kuachia. Mwaka jana kifundo kilivimba mpaka saa haifungiki. Daktari alinifunga bandeji ngumu, akaniambia nipumzike. Nilimuuliza nipumzike huku nikila nini, akaandika kitu kwenye faili.

Wiki ileile ya kifurushi, mhandisi mkuu aliniita ofisini kwake. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi na analijua hilo, kwa hiyo alianza kwa kuniwekea kiti. "Mama, nakuheshimu," akasema. "Lakini ramani ya upande wa mashariki naitaka mwisho wa mwezi. Ukishindwa sikufukuzi. Nitakuhamishia dirishani tu."

Dirishani ndiko wanakopokelewa wateja ambao mabomba yao yamekauka. Mwenzetu anayekaa pale ana sauti ya kinanda kibovu. Mimi siogopi watu wenye hasira, nimeolewa na mmoja. Niliogopa kuziacha ramani. Ndiyo kazi pekee ninayoijua sawasawa na ndiyo pekee niliyowahi kuipenda, nakuambia wazi kwa sababu ni wewe.

Fundi wa kompyuta alikuja kukifunga kibao chako. Ni mama wa makamo asiyependa maneno mengi, ana kijiti cha meno mdomoni tangu nimjue. Waya wa kipanya ulikuwa umefungiwa kwenye mguu wa kulia wa meza kwa sengenge, maana fagio la kudekia lilikuwa likiung'oa kila asubuhi. Akaikata sengenge kwa koleo. Kipanya kilipoondoka nikaona mbao ya meza chini yake imechujuka rangi, doa la ukubwa wa kiganja changu. Sikulipenda lile doa.

Akanifundisha kwa dakika nne. Kidole kimoja kinatembeza mshale. Viwili vinasogeza ukurasa. Ukivibana ramani inapungua, ukivitanua inakua, ukivizungusha kitu ulichokishika nacho kinazunguka. Vitatu vinabadilisha dirisha zima la kompyuta. Vinne sikuuliza.

Nilikiweka kibao palepale penye doa, upande wa kulia, nikajikaza. Siku za mwanzo mkono ulikuwa ukinyanyuka wenyewe kutafuta kipanya, unapapasa hewa, na wenzangu wanacheka kwa kuficha midomo. Hilo lilikwisha. Taabu ilikuwa bandeji. Kifundo kisichokunjika hushusha kiganja kizima, kwa hiyo nikitaka kugusa kwa kidole kimoja, viwili vingine vinagusa bila ruhusa. Ramani inavimba, inasinyaa, inakimbilia pembeni. Nikawa kila baada ya mstari naisahihisha, nikajiona nimeshaizoea.

Siku moja vile vidole viwili viliizungusha ile karatasi ya zamani iliyo chini ya michoro yangu. Kidogo tu, kama picha ya ukutani iliyoguswa na bega la mpita njia. Sikuona. Nikachora juu yake siku mbili nzima, mitaa minne, mistari safi kabisa iliyokaa mahali pasipo pake. Na kwa kuwa mtaa mmoja ulikuwa na bomba linalovuja, kipande kile kikachapwa haraka kikapelekwa kwa wachimbaji.

Mkuu wa wachimbaji tunamwita Babu Bomba. Nilipoajiriwa nilimkuta, na kabla ya kompyuta ramani yote ilikuwa kichwani mwake. Mchana aliingia ofisini na buti zake za udongo, akasimama mbele ya meza yangu, akaweka juu yake kijiko kimoja kilichoshika kutu.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "tumechimba mbele ya geti la mwalimu mstaafu tangu saa mbili asubuhi. Tumepata udongo mkavu, mizizi, na hiki kijiko. Bomba lako limehama?"

Bomba lilikuwa hatua tisa kutoka pale. Alikuwa akilikumbuka vizuri, lakini siku hizi ameagizwa afuate karatasi, naye akaifuata. Mhandisi mkuu alisikia yote akiwa mlangoni. Hakunigombeza. Aliitazama kalenda iliyo ukutani nyuma yangu, akaenda zake. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Nisamehe, mdogo wangu, saa ile nilikilaani kibao chako, na nikakugusa na wewe kidogo. Nikamwita fundi nikamwambia arudishe kipanya. Alivuta kiti, akanitazama nikifanya kazi muda wa kutosha kunitia jasho, kisha akakihamisha kijiti cha meno kutoka shavu moja kwenda jingine.

"Kwa nini unatumia mkono mgonjwa?"

"Ndio mkono wangu," nikamwambia.

"Hiki hakina upande," akasema. Akakisukuma kibao mpaka katikati, mbele ya kibodi, akaifunga karatasi ya zamani kwenye kompyuta isizunguke tena, akaondoka.

Nikakaa nikikitazama. Kipanya siku zote kilikuwa na upande, kwa sababu waya ulikuwa na upande na sengenge ilikuwa na upande. Hiki kilikuwa kimelala katikati kikiwa hakimwiti yeyote. Nikapeleka mkono wa kushoto. Bwana wee, ulikwenda kama mtu aliyekuwa amesimama nje ya mlango akisubiri kuitwa. Kidole kimoja kilikuwa kimoja, viwili vilikuwa viwili. Kufikia jioni nilikuwa nimeifuta mitaa minne na kuichora mitatu upya.

Sasa kuna jambo hulijui, kwa kuwa ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilizaliwa mtu wa kushoto. Nilipoanza shule, mama alichana foronya, akapata kitambaa cha urefu wa mkono, na kila jioni wakati wa kazi za shule alinifunga kifundo cha kushoto kwenye kiti ili niandike kwa kulia. Hakunifunga kwa hasira. Akimaliza alikuwa akinifungua na kunisugua pale palipobana. Lakini alifanya hivyo mwaka mmoja na nusu, mpaka mkono ukakoma kunyanyuka.

Kisha ukaja wewe, nyuma yangu kwa miaka tisa. Siku uliyoshika penseli kwa mkono wa kushoto nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimesimama mlangoni, nikasubiri kitambaa kitoke kabatini. Hakikutoka. Mama alisema tu, "Mwacheni, atakua." Nilikuonea wivu siku ile, na sikuuacha. Ulipokuwa ukichora magari yako sakafuni nilikuwa nikitoka chumbani. Si kosa lako na sikudai chochote, lakini nimechoka kulibeba peke yangu, basi lishike na wewe kidogo.

Turudi kazini. Ramani ya mashariki niliimaliza siku ya mwisho ya mwezi, saa tisa alasiri. Mhandisi mkuu hakuiamini, na mimi ningekuwa yeye nisingeiamini. Aliniambia nisichukue kazi nyingine mpaka ijaribiwe. Wiki nzima nilikaa nikipanga faili ambazo zilikuwa zimepangika, na kila nikienda kunywa maji nilipita dirishani nikaangalia kile kiti.

Ijumaa iliyopita alimtuma Babu Bomba na vijana wake kuchimba sehemu tatu alizozichagua yeye mwenyewe. Walirudi mapema kuliko tulivyotegemea. Babu Bomba aliingia, buti zilezile, akasimama palepale. Nilikuwa nimekiacha kijiko mezani ili kinisute. Alikichukua akakitia mfukoni.

"Hiki nakirudisha kwa mwalimu," akasema. "Bomba tumelikuta mara tatu. La tatu tumeligonga kwa jembe, usimwambie mtu."

Mhandisi mkuu naye alipita baadaye akasema niendelee na upande wa magharibi. Maneno mengine hakuongeza. Nilikwenda msalani nikalia kidogo, nikanawa uso, nikaendelea na upande wa magharibi.

Basi leo asubuhi nikajiuliza, kama mkono huu umeokoa kazi yangu, kwa nini usiandike barua? Ndiyo sababu ya mwandiko. Yote uliyosoma nimeyaandika kwa kushoto, na kiganja changu sasa hivi ni cheusi kwa wino kwa kuwa kinapita juu ya maneno kabla hayajakauka. Nilifunga mlango kwa komeo kwanza. Nina miaka arobaini na minane, na nilifunga mlango kwa komeo ili mama asinione ninavyoshika kalamu.

Nikasahau mlango wa uani.

Aliingia na kikombe cha chai nilipokuwa naandika habari za kile kitambaa cha foronya. Sikumsikia mpaka alipokuwa kando yangu. Mkono wa kulia uliruka kutoka mapajani kuja kuipokea kalamu, wenyewe, pamoja na bandeji yake. Niliurudisha. Nikaishikilia kalamu pale ilipokuwa nikasubiri, nakuambia kweli, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mama aliweka chai chini. Aliitazama karatasi, akakitazama kiganja changu.

"Igeuze karatasi," akasema. "Kichwa chake kilale kulia. Na meza si hapa. Dirisha liwe kulia kwako, hapo kivuli cha mkono kinakuangukia."

Akaishika meza kwa pembe akaanza kuivuta, na magoti yake yale. Nikainuka nikamsaidia. Tulipoituliza nikamuuliza ameyajulia wapi mambo hayo.

"Ulidhani mkono huo umeurithi kwa nani?" akasema.

Mama huwa haelezi, unamjua, lakini leo alikaa. Akaniambia wake ulifungwa mpaka ukasahau, na walioufunga hawakuwa wakimsugua wakimaliza. "Nilikufunga mimi ili wasije wakakufunga wao," akasema. "Alipokuja mdogo wako nilikuwa nimechoka kuogopa." Kisha akainywa ile chai, ambayo nilidhani ni yangu, akatoka.

Utaona kuanzia hapo mwandiko umenyooka kidogo. Karatasi nimeigeuza, na mwanga unatoka kulia.

Nisalimie wifi, mwambie nguo alizotuma zimemtosha mpwa wako na kubaki. Wabusu watoto, na yule wa kwanza muulize shangazi yake anakumbukwa kwa lipi. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukituma kifurushi kingine umkumbuke na yeye. Mama anakusalimu kwa namna yake: amesema uvae soksi, na safari ijayo utume mizani. Mungu awalinde kwenye njia zenu zote, na siku moja atukutanishe meza moja, sote watatu, kila mtu na mkono wake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa mikono yote miwili.