Plagi ya Tatu

Jumatatu, 5 Mei

Nimefungua plagi za gari kabla ya kazi, kama kila mwanzo wa wiki. Ya kwanza, ya pili na ya nne zina rangi ya tangawizi kavu. Hizo nzima. Ya tatu nyeusi tena, imelowa oili. Nimeipiga msasa, nimeirudisha. Gari limewaka kwa shida.

Kesho ni siku ya Saida. Figo za mke wangu zimekufa; husafishwa damu kwa mashine Jumanne na Ijumaa, kliniki ya Changamwe. Tuktuk humtikisa mpaka atapike. Kwa hiyo gari la marehemu baba lazima liwake. Basi.

Jumanne, 6 Mei

Limekatakata tangu Makupa. Kibarani likazima, malori nyuma yakipiga honi. Nimeteremka, nikafungua plagi ya tatu injini ikiwa ya moto, nikaifuta kwa pindo la shati. Vidole vimeungua. Saida ameketi na mtandio puani, anacheka. "Hata hili gari lako lataka kusafishwa damu."

Sikucheka. Tumefika kwa kuponea chupuchupu.

Jumatano, 7 Mei

Baada ya kazi nimekwenda kwa miguu Mbaraki kwa Karisa, fundi wa gari hili tangu enzi ya baba. Ameishika plagi kuukuu niliyokuja nayo, ameinusa.

"Bwana Athumani, gari hili lina wajukuu, nawe bado unalituma kazi!"

Nimemwambia anichagulie plagi bora kuliko zote dukani. Amekataa. Zile za ncha nyembamba, zinazosifiwa kudumu, oili ingeziua wiki hiyo hiyo. Amechagua za kawaida, ila za aina inayopata moto zaidi, ili ncha iunguze oili yenyewe. Amepima nafasi ya cheche kwa geji, moja moja, zote nne.

"Lakini usijidanganye. Plagi ni kunawa uso tu. Ugonjwa uko ndani, ringi za pistoni zimekwisha, oili yapenya."

Nimemuuliza litakwenda muda gani. Amesema Mungu ndiye ajuaye. Daktari wa Saida alinijibu vivyo hivyo. Nimewachukia wote wawili.

Nilipomsimulia ya Kibarani amenikaripia. Nisifungue tena plagi injini ikiwa ya moto. Kichwa chake ni alumini, laini kama sufuria. Meno ya shimo la plagi yatatoka. Nimefika nyumbani usiku; mpya nitazitia kesho.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua kutwa. Gari hulala barabarani, Ndia Kuu, wazi. Kichochoro chetu hakipitishi hata mkokoteni. Siwezi kufungua plagi mvuani, maji yataingia kwenye silinda. Plagi mpya zimo kwenye kopo la maziwa, nazitazama.

Miguu ya Saida imevimba. Analala ameketi, apate kupumua.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua bado. Asubuhi nimewasha gari nilisogeze chini ya roshani ya jirani, nipate pa kufanyia kazi. Likakatakata, likagoma kusogea. Nikaliacha lingurume, nikikanyaga mafuta, mpaka likakubali. Nilipolizima chini ya roshani, injini ilikuwa inatoka mvuke wa mvua.

Ilinipasa kungoja ipoe. Sikungoja. Jumanne nilifungua ya moto na hapakuharibika kitu. Ndiyo hoja niliyojipa.

Ya kwanza, ya pili na ya nne zimetoka, mpya zimeingia. Ya tatu imekaza. Nimevisha bomba kwenye mpini wa spana, nikasukuma kwa uzito wangu wote. Imetoka na meno ya alumini, yameizunguka kama waya. Plagi mpya ikawa inazunguka tu shimoni. Haishiki.

Saida amekuja na buibui lake, ameshika ukuta. Ameniona uso. "Twende na tuktuk, Athumani. Usilie njiani, watu watuona."

Ametapika njia nzima. Tumechelewa. Mashine yake kapewa mwengine. Wamempa muda uliobaki jioni, nusu ya kawaida.

Mpumbavu mimi.

Jumamosi, 10 Mei

Karisa amekuja na vyombo vyake. Ametanua shimo, ametia bushi ya chuma yenye meno mapya, amekaza plagi. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

"Sasa hili shimo litaishi kuliko gari," amesema.

Limewaka mara moja. Linalia kama cherehani. Nimefurahi, kisha nikaona haya kufurahi.

Jumapili, 11 Mei

Saida ameomba alisikie. Tumekwenda mpaka Tudor na kurudi, polepole. Amelaza kiti, amefumba macho.

"Limepona," amesema.

Nimeitikia. Pumzi yake ilikuwa na kelele kuliko injini. Nimetaka tuende hospitali moja kwa moja. Amekataa. "Kesho kutwa ni Jumanne. Nipeleke nyumbani, nimechoka na vitanda vya watu."

Nimemtii.

Jumatatu, 12 Mei

Saida amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Daktari amesema moyo. Sikumuuliza juu ya ile Ijumaa. Naogopa jibu.

Amezikwa baada ya adhuhuri. Jeneza limetoka kichochoroni mabegani, wanaume wakipokezana, mbiombio mpaka makaburini. Limepita ubavuni mwa gari. Hakuna aliyelitazama ila mimi. Saida hakulihitaji.

Jumatano, 14 Mei

Watu wengi matangani. Kahawa. Karisa amekuja na shati jeupe, ameketi karibu nami, amenijazia kikombe. Nimeshukuru.

Ijumaa, 16 Mei

Nyumba imenyamaza. Saa ya kliniki nimejikuta Ndia Kuu, funguo mkononi. Nimefungua mlango wa upande wake kwanza, kama kawaida. Kiti bado kimelala. Sikukiinua.

Nimewasha. Limeshika mara moja. Nimeliacha lingurume mpaka likapata moto, nikalizima.

Nimefungua boneti, nikaketi ukingoni mwa njia nikangoja. Nimerudi kutoka sala ya Ijumaa, nikagusa kichwa cha injini. Bado vuguvugu. Nikaketi tena. Lilipopoa kabisa nimefungua plagi ya tatu.

Rangi ya tangawizi kavu.

Nimeirudisha kwa vidole, taratibu, mpaka ikakaa.