Ukurasa wa Nyuma

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinijibu "tunasukuma siku", nataka kujua kama linakunjika. Mimi mzima, ila usingizi umekuwa haba. Nikifumba macho naona ratiba.

Kongamano letu la wakazi, la maarifa huria na uendelevu, limebakiza wiki saba, na mimi ndiye ninayepanga mada. Nimepokea mapendekezo kumi na tisa: taka, mbegu, umeme wa jua, na bwana mmoja anayetaka saa nzima kuzungumzia mboji. Saa nane mchana zimebaki dakika ishirini ambazo sijampa mtu. Ni zako. Miaka thelathini umechimba visima na kuandika kina cha kila kimoja katika daftari lako la bluu. Watu wanahitaji kujua maji yako wapi na yanashuka kwa kasi gani.

Nilipokuja likizo nililipiga picha daftari hilo, ukiwa umelala mchana. Leo nimeziweka picha kwenye tovuti ya kongamano, yeyote azisome na kuzinakili. Nilitaka iwe zawadi.

Bibi Maswali wako

12 Machi

Mwanangu Bibi Maswali,

Marhaba. Goti linakunjika, kunyooka ndiyo kazi. Simu yangu imebaki kuwa tochi, ndiyo maana naandika.

Dakika ishirini? Mimi hata salamu sizimalizi. Lakini nisikufiche, nimefurahi. Shati nimeshalitoa sandukuni.

Sasa nijibu jambo moja upesi. Daftari lile naliandika pande mbili. Mbele ni visima vyote. Ukiligeuza, nyuma, ni vile visivyokauka hata kiangazi kikikaza. Viko vitatu: ukurasa wa kwanza kule nyuma ni wa kisima cha jirani yetu fundi cherehani, na vingine viwili viko ukurasa unaofuata. Wenyewe waliniapisha nisimwambie mtu mwenye pampu. Maji yakiadimika mtaa mzima huchota kwao kwa ndoo na kamba, na kwa ndoo havichoki.

Ulipiga na nyuma?

Baba

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Nilipiga ukurasa mmoja wa nyuma, wa fundi cherehani. Nilidhani siku hiyo ulishika daftari kichwa chini.

Nimeuondoa mara barua yako ilipofika. Lakini ulikaa pale zaidi ya wiki mbili, na watu arobaini na mmoja wameunakili. Niliiomba kamati iwaandikie waufute. Mwenyekiti akacheka. "Dada, kilichofunguliwa kimefunguliwa. Si wewe uliyetuandikia kanuni hiyo?"

Ni mimi. Na bado sielewi, Baba. Maji ni ya wote. Kwa nini kuyajua kuwe kwa wachache? Nieleze nilikosea wapi.

Mwanao

8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu hujajibu. Ratiba inachapishwa kesho na saa nane bado ni yako. Goti je?

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Marhaba. Wamekuja. Wamechimba kwa mashine kiwanja kinachopakana na fundi cherehani, siku mbili tu. Pampu inanguruma tangu asubuhi na malori ya maji yamejipanga. Msimamizi wao alikuwa na karatasi mkononi. Niliutambua mwandiko wangu kutoka ng'ambo ya barabara.

Kamba ya jirani haifiki tena majini. Hakugomba. Alikuja, tukasalimiana, akaniambia, "Fundi, nikatie kamba ndefu kidogo." Heri angenitukana.

Unauliza ulikosea wapi. Kufungua si kosa. Ulipiga picha nimelala.

Siji. Saa nane simama wewe.

Baba

27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naja Ijumaa. Nina kamba, mita arobaini, na fundi cherehani nitakwenda kumwona mwenyewe, usinitangulie kunisemea.

Jumamosi nilisimama. Nilisema yote: visima vitatu, picha, usingizi wako, karatasi, ile "ndefu kidogo". Wakapiga makofi. Nilitamani wasingepiga.

Mlangoni alinisubiri bwana mmoja mpole, kalamu tayari. "Dada, umesema viko vitatu. Hivyo viwili vingine viko wapi?"

Ukurasa ule wa pili sikuupiga picha, Baba, lakini niliusoma. Nakumbuka hatua kutoka njia panda. Nakumbuka kina cha kila kimoja. Nilimtazama, mimi mwenye kanuni, nikasema sijui.

Mwanao